Maswali ya Wasomaji: Jiwe Lisomwe kwa Chembe Zake

Toleo hili tunajibu maswali kuhusu miamba ya mashapo, hasa lile kundi linalotokana na vipande vya miamba ya zamani: kokoto, mchanga na tope vilivyotuama, vikafukiwa, vikashikana. Baadhi ya barua tumezifupisha.

Mchanga unashikanaje hadi nyundo ishindwe?

*Wahariri, shikamooni. Darasani tunakariri kwamba mwamba huvunjika, vipande hubebwa na maji, hutuama, hugandamizwa, mwisho huwa jiwe. Lakini nikishika mchanga wa mto unapita katikati ya vidole. Uzito wa juu peke yake unaweza kuushikanisha? Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Songea.*

Marahaba. Una haki ya kuwa na shaka, kwa sababu uzito peke yake hautoshi. Mchanga wa kwatsi, yale madini magumu yanayong'aa kama kioo, unaweza kubanwa miaka milioni kadhaa na ukichimbuliwa ukamwagika kama ulivyokuwa. Kinachoufanya jiwe ni madini yanayoota katika nafasi zilizo kati ya chembe. Tuanze na chembe zenyewe, kwa kuwa bila kujua zinatoka wapi hatua zilizobaki zinakuwa za kukariri tu.

Itale, ambayo wengi wanaiita graniti, imejaa kwatsi, feldispa (madini meupe au ya waridi) na ulanga. Maji ya mvua hunyonya kaboni dayoksaidi hewani na kwenye udongo, yakawa asidi dhaifu. Asidi hiyo huozesha feldispa polepole: potasiamu, sodiamu na sehemu ya silika (kitu kilekile kinachounda kwatsi) huondoka na maji, kinachobaki ni udongo mfinyanzi, mara nyingi wa aina ya kaolini. Kwatsi haiozi kirahisi. Inaachiwa huru ikiwa nzima. Ndiyo maana mto unaoshuka kutoka nchi ya itale hubeba mizigo miwili tofauti, mchanga uliojaa kwatsi na tope la ufinyanzi, na mizigo hiyo haitui mahali pamoja. Maji yenye kasi ya sentimita 20 hivi kwa sekunde yanatosha kuanza kusogeza mchanga wa nusu milimita. Kokoto ya sentimita moja inahitaji zaidi ya mita 1 kwa sekunde. Tope lina tabia ya pekee: likishatuama na kushikana ni gumu kung'olewa kuliko mchanga, lakini likishanyanyuliwa halitui tena mpaka maji yakaribie kusimama kabisa. Mswidi Filip Hjulström alilichora jambo hili katika mchoro wake wa mwaka 1935, na mchoro huo bado unatumika.

Sasa kufukiwa. Tope jipya kwenye sakafu ya ziwa au bahari lina maji mengi kuliko udongo. Nafasi za maji ni asilimia 60 hadi 80 ya ujazo wake. Likibanwa na tabaka za juu, maji hukamuliwa, na vipande vyembamba vya ufinyanzi hulala bapa, kimoja juu ya kingine. Kwa tope, basi, kugandamizwa hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mchanga ni tofauti. Unaanza na nafasi za asilimia 40 hadi 45, chembe zake ni ngumu na zinaegemeana, kwa hiyo kubanwa kunapunguza nafasi hizo kiasi tu. Maji yanayopita humo chini ndiyo yanayomaliza kazi, kwa kuacha saruji ya asili.

Saruji za kawaida ni tatu. Ya kwanza ni kalsiti, madini ya chokaa. Hii inaweza kuota hata karibu na uso wa ardhi: kwenye fukwe za nchi za joto mchanga huweza kugeuka jiwe katika miongo michache, na chupa za kioo za zama zetu zimekutwa zimenaswa ndani yake. Ya pili ni silika, inayoota juu ya chembe za kwatsi kama koti jipya. Hii inataka joto la nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi kwenda juu. Joto la ardhini huongezeka kwa takriban nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita, kwa hiyo tunazungumzia kina cha kilomita 2 au zaidi. Ya tatu ni oksidi za chuma, yaani kutu, zinazolipa jiwe wekundu au ukahawia.

Huko kwenu ushahidi uko karibu. Bonde la Ruhuhu na machimbo ya makaa ya Ngaka yako ndani ya miamba ya Karoo, kundi la mashapo ya kale la kusini na mashariki mwa Afrika, ambayo tabaka zake za makaa ni za kipindi cha Permi, kati ya miaka milioni 299 na 252 iliyopita. Mahali tabaka zilipokatwa, angalia jinsi jiwe mchanga, jiwe tope na makaa yanavyopokezana. Kila badiliko la tabaka ni badiliko la kasi ya maji: mkondo wa mto, kisha uwanda wa mafuriko, kisha kinamasi.

Majina yanategemea nini?

*Maabara yetu ya barabara inaita kitu kimoja silti, kitabu cha jiolojia kinakiita mchanga. Nani yuko sahihi? Fundi sanifu, Morogoro.*

Wote wawili, kila mmoja kwa kipimo chake. Wanajiolojia wanafuata mizani iliyoanzishwa na Johan Udden na kukamilishwa na Chester Wentworth mwaka 1922. Kila mpaka ni nusu ya ule ulio juu yake; hapa tumeruka mipaka mingi ya katikati. Juu ya milimita 256 ni majabali. Kati ya 64 na 256 ni mawe makubwa ya mtoni, 4 hadi 64 ni kokoto, 2 hadi 4 ni changarawe ndogo. Vyote hivi vikishikana jiwe lake ni konglomereti au breksha. Mchanga ni kuanzia milimita 2 kushuka hadi 0.0625, na jiwe lake ni jiwe mchanga. Silti ni 0.0625 hadi 0.0039. Chini ya hapo ni ufinyanzi.

Wahandisi wanakata kwingine. Maabara zinazofuata kanuni za Marekani zinamaliza mchanga kwenye chekecheo la milimita 0.075, zile za Ulaya kwenye 0.063, na wahandisi wengi wanaanza ufinyanzi kwenye 0.002 badala ya 0.0039. Kwa hiyo chembe ya milimita 0.07 ni mchanga kwa mwanajiolojia na ni tope kwa fundi wa barabara anayefuata kanuni za Marekani. Hakuna kosa hapo, ila ripoti isiyotaja mizani iliyotumika haina thamani. Andika mizani juu ya kila ukurasa wa majedwali.

Ukiwa porini bila chekecheo, tumia vidole na meno. Mchanga unaonekana kwa macho na unakwaruza vidole. Silti haionekani, vidoleni ni laini kama unga, lakini ukiisaga kidogo kati ya meno ya mbele utasikia mkwaruzo. Ufinyanzi haukwaruzi hata kwenye meno, na ukilowa unanata. Jiwe lililojaa silti linaitwa jiwe silti, lililojaa ufinyanzi jiwe mfinyanzi, mchanganyiko wa viwili jiwe tope. Jiwe tope linalobanduka kwa kurasa nyembamba ndilo sheili. Watu wengi huita kila jiwe la tope sheili. Tunawaomba waache, kwa sababu kubanduka huko ni taarifa: chembe zililala bapa, na mara nyingi hapakuwa na minyoo wala kaa waliovuruga tope baada ya kutuama.

Kumbuka pia kwamba miamba ya tope ni zaidi ya nusu ya miamba yote ya mashapo duniani. Inapuuzwa kwa sababu inaoza haraka na kujificha chini ya majani, huku jiwe mchanga likisimama kama genge na kupigwa picha.

Konglomereti na breksha

*Mwalimu wa jiografia, Kilifi, anauliza kama tofauti ni umbo la kokoto tu.*

Kwa jina, ndiyo: kokoto zilizoviringika ni konglomereti, zenye kona kali ni breksha. Lakini mfundishe mwanafunzi maswali mawili zaidi. Kwanza, je, kokoto zinagusana, au kila moja inaelea ndani ya mchanga na tope? Zikigusana, maji yenye nguvu yalichukua chembe ndogo na kuziacha kubwa: kitanda cha mto au ufuo wenye mawimbi. Zikielea ndani ya tope, maji ya kawaida hayawezi kufanya hivyo. Ni maporomoko ya matope mazito, au barafu. Chini kabisa ya miamba ya Karoo ya Bonde la Ruhuhu kuna mashapo ya namna hii yaliyoachwa na barafu, wakati nchi hii ilipokuwa sehemu ya bara la Gondwana, karibu zaidi na ncha ya kusini.

Pili, kokoto ni za mwamba gani? Zikiwa zote kwatsi, zimesafiri mbali au zimezunguka mara nyingi, zile dhaifu zikasagika njiani. Zikiwa za aina nyingi, chimbuko ni karibu. Kwenye mto kokoto za mawe ya kawaida huviringika ndani ya makumi machache ya kilomita. Mchanga ni hadithi nyingine: chembe ndogo hubebwa ndani ya maji, maji yanapunguza mgongano, na mchanga wa kwatsi unaweza kusafiri mto mzima ukafika baharini bado una kona. Ukiona mchanga ulioviringika vizuri, fikiria upepo wa jangwani, au jiwe mchanga la zamani lililovunjika na kuanza safari upya.

Angalia pia ulalo. Kokoto bapa za mtoni huegemeana kama vigae vya paa, zikiinamia upande maji yalikotoka. Pima mwelekeo wa kokoto 20 au 30, siyo moja, nawe utajua mto uliokauka zamani ulielekea wapi.

Akozi, greiwaki na ile asilimia 15

*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma: Nimehesabu sampuli ileile mara mbili, nikapata majina mawili. Nakosea wapi?*

Uainishaji wa mawe mchanga una hatua mbili, na wengi wanaziruka au kuzichanganya. Kwanza pima tope lililojaa kati ya chembe. Likiwa chini ya asilimia 15, jiwe ni areniti. Kati ya 15 na 75, ni waki, ambalo vitabu vya zamani vinaliita greiwaki. Juu ya 75 siyo tena jiwe mchanga, ni jamaa ya jiwe tope. Hatua ya pili, weka tope na saruji kando, hesabu chembe tatu tu: kwatsi, feldispa na vipande vya miamba, na hizo tatu ndizo ziwe asilimia 100. Kwatsi ikizidi 95, ni areniti ya kwatsi. Feldispa ikifika 25 na kuvizidi vipande vya miamba, ni akozi. Vipande vya miamba vikifika 25 na kuizidi feldispa, ni areniti ya vipande. Katikati, kama feldispa iko kati ya 5 na 25 na inaongoza, ni nusu akozi.

Porini fanya hivi. Vunja jiwe upate uso mpya, lilowanishe, weka rula juu yake, na kwa lenzi ya kukuza mara 10 taja chembe iliyo chini ya kila alama ya milimita 2, mpaka ufikishe 100. Kama chembe ni kubwa kuliko milimita 2, ongeza nafasi, la sivyo utaihesabu chembe moja mara mbili. Kwatsi ni ya kijivu, inang'aa kama kioo kilichovunjika, haina nyuso bapa. Feldispa ni nyeupe ya maziwa au ya waridi, na ukiligeuza jiwe juani nyuso zake bapa humeta kwa pamoja. Kipande cha mwamba hakimeti na ndani yake kina rangi zaidi ya moja.

Makosa yako yanaweza kuwa katika mojawapo ya sehemu hizi tatu. Feldispa iliyooza inageuka unga mweupe wa kaolini, nawe unaihesabu kama tope; jiwe ambalo lingekuwa akozi unaliita waki. Dawa yake ni kutazama umbo: unga uliojaza umbo la chembe nzima ulikuwa chembe, hesabu kama feldispa na uweke alama pembeni. Mawe mchanga ya Milima ya Pugu, Kisarawe, yenye kaolini kwa wingi, ni mahali pazuri pa kujifunza jambo hili. La pili, vipande laini vya jiwe tope hubanwa kati ya chembe za kwatsi hadi vikasambaa na kufanana na tope la asili. Tafuta vile vilivyopinda kuizunguka kwatsi. La tatu ni hesabu yenyewe. Ukihesabu chembe 100 na kupata feldispa 25, jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya takriban 17 na 34. Ndiyo maana maabara huhesabu nukta 300 au zaidi, kwa hadubini, juu ya kipande cha jiwe kilichosagwa hadi unene wa milimita 0.03. Kama hesabu yako ya porini imeangukia karibu na mpaka, andika majina yote mawili. Huo ni uaminifu, na mwalimu makini hatakukata maksi.

Jambo moja la maana kuliko majina: akozi haimaanishi lazima nchi ilikuwa kame. Vitabu vingi vya shule vinasema hivyo. Feldispa inaokoka pia kwenye mlima mkali ambako mmomonyoko una kasi kuliko kuoza, hata mvua ikiwa nyingi. Mawe ya Taru, nyuma ya pwani ya Kenya, yana feldispa nyingi na chembe kubwa. Kinachosemwa kwa uhakika na mawe kama hayo ni kwamba chimbuko la itale na gnaisi (mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo) lilikuwa karibu na mchanga ulizikwa upesi. Hali ya hewa itafutiwe ushahidi wake: mimea iliyogeuka mawe, nyufa za tope lililokauka, chumvi.

Mabamba ya Mazeras yanabanduka

*Wahariri, hamjambo. Nilibandika mabamba ya Mazeras ukutani na barazani kwa mteja wa Nyali. Baada ya mvua mbili za masika yale ya chini yanatoka magamba. Muuzaji anasema ni kazi mbaya, mteja anasema ni jiwe baya. Fundi, Mombasa.*

Huenda wote wana sehemu ya ukweli. Mabamba hayo ni jiwe mchanga la tabaka nyembamba, kutoka ukanda wa mawe ya Karoo unaopita Mazeras, Mariakani na Maji ya Chumvi. Yanapasuka bapa kwa sababu kati ya tabaka na tabaka kuna vumbi la ulanga na ufinyanzi. Udhaifu huo unaomsaidia mchimbaji kuyapasua bila mashine ndio unaokusumbua wewe ukutani.

Kabla ya kununua, fanya vipimo vinne. Gonga bamba kwa nyundo ndogo: mlio mkali ni dalili njema, mlio mfu una ufa ndani. Tazama ukingo kwa lenzi. Mistari minene ya ulanga unaometa, au ya udongo, ni mahali pa kubandukia. Dondoshea siki, au bora asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa hadi asilimia 10, nyuma ya bamba. Povu likitoka, saruji ya jiwe ni kalsiti. Ukitumia siki, kwanza kwaruza upate unga, kwa kuwa siki ni dhaifu.

Kipimo cha nne ni cha unyonyaji wa maji, nacho ndicho cha maana zaidi. Kausha kipande ndani ya tanuri kwa nyuzi 105 siku nzima, kipime, kizamishe majini saa 24, kifute kwa kitambaa chenye unyevu, kipime tena. Toa uzito mkavu, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha kilo 4.00 kikitoka na kilo 4.16 kimenyonya asilimia 4. Kanuni ya Marekani ya mawe ya ujenzi ya aina ya kwatsi inaruhusu hadi asilimia 8 kwa jiwe mchanga la kawaida, 3 kwa lile lililoshikwa sana na silika, na 1 kwa kwatsaiti, yaani jiwe mchanga la kwatsi lililogeuka gumu kabisa. Karibu na bahari tungechukua lililo chini ya 3 kwa sehemu za chini za ukuta, hata kwa bei ya juu.

Upande wa kazi. Magamba ya chini yanatuambia chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini, au yanatoka kwenye mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kubandikia) iliyochanganywa na mchanga wa ufukweni; yanakauka usoni mwa jiwe, chumvi inaota ndani ya vitundu na kulisukuma gamba. Tumia mchanga wa mto uliooshwa, saruji 1 kwa mchanga 4, na ujaze mota nyuma ya bamba lote. Ukiweka madonge manne ya kona, maji yatakaa katikati. Weka kizuizi cha unyevu chini ya ukuta. Usipake vanishi inayofunga uso wakati ukuta una unyevu, maana chumvi itaota nyuma ya vanishi na gamba litakuwa nene zaidi. Na usioshe madoa ya saruji kwa asidi kama kipimo cha povu kimeonyesha kalsiti. Asidi hiyo inayeyusha kile kinachoshika chembe, na mwezi mmoja baadaye mtu akiegemea ukuta anaondoka na mchanga kwenye nguo.

Kwa nyumba ya mteja wako: toa mabamba yaliyobanduka tu, tafuta maji yanatoka wapi na uyazuie, acha ukuta ukauke, ndipo ubandike mengine.

Mawe ya Ndarugu na mawe ya Unguja

*Msomaji wa Thika na mwingine wa Unguja wanauliza kama mawe yao ya kujengea ni jiwe mchanga.*

Hapana, yote mawili. Jiwe la Ndarugu ni la volkano, majivu na vipande vilivyotoka kwenye mlipuko vikashikana. Ukilitazama kwa lenzi utaona vitundu vya mapovu na vipande vya kioo cha volkano, wala siyo chembe zilizoviringishwa na maji. Mawe ya Mji Mkongwe ni ya matumbawe, yametokana na viumbe wa baharini, na yatatoa povu kali kwa siki. Jiwe mchanga lenye saruji ya silika halitoi povu kabisa na linakwaruza kioo.

Mchanga wangu una tope kiasi gani?

*Msomaji wa Bukoba anajenga na anataka kipimo cha kufanya nyumbani.*

Kuna vipimo viwili vinavyofanana kwa macho lakini vinapingana kwa chumvi, na ndipo watu wanapokosea.

Cha kwanza ni cha mjenzi. Chukua chombo cha kioo kilichonyooka, chenye alama hadi mililita 250. Chupa yenye mabega haifai, kwa sababu kimo hakitalingana na ujazo. Yeyusha chumvi vijiko viwili vya chai katika lita 1 ya maji. Weka mililita 50 za maji hayo, mimina mchanga mpaka ufike alama ya 100, ongeza maji ya chumvi mpaka 150. Funga, tikisa kwa nguvu, simamisha mahali pasipotikisika, gonga pembeni mchanga ulale sawa. Subiri saa 3. Pima kimo cha tope lililo juu, gawanya kwa kimo cha mchanga ulio chini, zidisha kwa 100. Ikizidi 8, osha mchanga au utafute mwingine. Chumvi hapa ina kazi: inafanya chembe za ufinyanzi zishikamane madonge na kushuka upesi. Ukitumia maji matupu, ufinyanzi utabaki unaelea na utadhani mchanga wako ni safi. Chukua sampuli ndani ya lundo, siyo juu ambako mvua imeshaosha.

Cha pili ni cha kujua kama tope lenyewe ni silti au ufinyanzi, na hapo chumvi ni adui. Tumia maji ya mvua, chembe kidogo za sabuni ya unga ili ufinyanzi usigandamane, na maji yenye kimo cha sentimita 20. Tikisa, anza kuhesabu. Katika maji ya nyuzi 20, mchanga wote umeshuka ndani ya dakika 1, silti ndani ya saa 4, kinachoelea baada ya hapo ni ufinyanzi. Ukifuata mpaka wa wahandisi wa milimita 0.002, subiri saa 16. Maji yakiwa ya joto zaidi chembe hushuka haraka kidogo, kwa hiyo usiweke chupa juani.

Gesi ndani ya jiwe?

*Kijana wa Kilwa: Gesi ya Songo Songo inakaaje ndani ya jiwe, kuna pango?*

Hakuna pango. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na inayotumika Dar es Salaam tangu 2004, imo kwenye vitundu kati ya chembe za jiwe mchanga la zama za Kreta, wakati wa dinosaria. Mchanga uliochambuliwa vizuri, chembe za ukubwa mmoja, unabakiza nafasi nyingi. Mchanganyiko wa wakubwa na wadogo unazijaza, na saruji ikizidi inaziba kabisa. Juu yake lazima kuwe na mwamba tope usiopitisha gesi, la sivyo ingekwisha kutoroka zamani. Kwa hiyo mchimbaji anahitaji miamba ya aina zote mbili mahali pamoja, na mpangilio sahihi.

Kiwanja chenye sheili

*Tumechimba msingi tukakuta jiwe la kijivu gumu linalotoka kwa kurasa. Fundi anasema ni mwamba, tujenge juu yake na tutumie vipande vyake kwa zege. Msomaji wa Kaloleni.*

Simamisheni zege kwanza. Chukua vipande vitano vya ukubwa wa ngumi kutoka chini ya msingi, vianike viwe vikavu kabisa, kisha vizamishe majini saa 24. Vikibaki vizima na kingo kali, mnaweza kuendelea na msingi baada ya mhandisi kuona. Vikichanika magamba, fukieni msingi siku hiyohiyo mnapomaliza kuchimba, kwa tabaka la zege jembamba la sentimita 5 hadi 7.5, kwa sababu sheili inayoachwa wazi ikilowa na kukauka mara chache hugeuka udongo. Vikiyeyuka kuwa tope, kuna uwezekano wa ufinyanzi unaovimba, na hapo msingi wa kawaida hautoshi; mnahitaji kipimo cha maabara cha uvimbaji kabla ya kuongeza tofali hata moja.

Vipande vyake visitumike kwa zege, hata vikifaulu kipimo. Ni bapa, havipangiki vizuri ndani ya zege, vinanyonya maji ya mchanganyiko, na vinapasuka kwenye tabaka zake. Nunueni kokoto za mwamba mgumu.